Shawa Isiyo na Sauti

Wanasema kuta zina masikio. Ukuta wa bafu letu ulikuwa nayo kweli, na mwenyewe nilimfahamu: Bi Maulida, mama mkwe wangu, mjane wa watu, mwenye nyumba ile ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo niliyoletwa bibi arusi kutoka Pangani.

Chumba chetu kilikuwa upande wa uani, na bafu letu lilipakana na chumba chake. Katikati palikuwa na ukuta wa tofali moja tu, uliojengwa kwa haraka na marehemu baba mkwe. Ukipiga chafya bafuni, Bi Maulida anakuombea rehema kitandani kwake.

Kama umezaliwa pwani sina haja ya kukueleza mengi. Mke na mume wakikutana usiku, hawasimami kusali alfajiri mpaka waoge mwili mzima. Na katika nyumba ambayo watu huoga jioni, maji yakisikika kabla ya adhana, kila mwenye akili anajua yaliyopita.

Shawa yetu, Mahmoud aliifunga kwa ajili ya arusi. Ilikuwa pana kama sinia la pilau. Ukiifungua, maji yalishuka kwa kishindo kilichofika mpaka barazani. Asubuhi za namna hiyo nilimkuta Bi Maulida keshaamka, meza imejaa supu ya samaki, mayai na chapati.

"Kula, mwanangu," anamwambia Mahmoud. "Kazi ya kubeba barafu nzito."

Kisha ananitupia jicho la pembeni, anatabasamu kidogo. Asubuhi ambayo maji hayakusikika, ilikuwa chai na kipande cha muhogo, basi. Nilijiona kama mwanafunzi ambaye kila siku matokeo yake yanabandikwa ukutani watu wasome.

Na usidhani alikosa la kulalamika. Maji ya bomba kwetu huja yanapotaka, na yasipokuja tangi hujazwa na boza. Tangi likipungua, Bi Maulida alisimama uani, mikono kiunoni.

"Mnaoga humo, au mnafuga papa?"

Mdomo wake ulisikitikia maji, moyo wake ukayafurahia. Mimi nilikuwa katikati, sina pa kukimbilia. Nikaanza kumkwepa mume wangu. Nilimpenda Mahmoud, Mungu shahidi, nilimpenda hata harufu ya samaki aliyorudi nayo kutoka duka lake la barafu pale sokoni. Lakini akininyooshea mkono, mimi nawaza ukuta, nawaza tangi, nawaza supu.

Jioni moja akaniuliza, "Nadhira, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mbona siku hizi unanipa mgongo?"

Ningemjibu nini? Mama yako anatusikiliza? Yule ni mama yake mzazi. Nikatafuta neno, nikaokota lililokuwa karibu.

"Maji yanaisha, Mahmoud. Shawa ile inameza tangi zima. Twende tukatafute inayobana maji."

Akacheka kwa faraja, kama mtu aliyeogopa msiba akaambiwa ni mafua. "Hilo tu? Twende kesho."

Duka la Msabaha la vifaa vya ujenzi liko karibu na stendi. Shawa alizitundika kwenye ubao, kubwa na ndogo, za plastiki na za chuma. Msabaha mwenyewe ni mtu mnene, mchangamfu.

"Karibuni, maarusi! Mnatafuta nini?"

"Shawa ya kubana maji," alisema Mahmoud.

"Zipo. Hii ina matundu machache. Hii ya kushika mkononi, unajipitishia pale unapotaka tu. Hii ndogo ina kitufe shingoni: ukijipaka sabuni unabonyeza, maji yanakatika, ukitaka kujisuuza unabonyeza tena."

"Ipi inatumia kidogo zaidi?"

"Tusibishane, tupime."

Nyuma ya duka alikuwa na bomba na ndoo. Akaanza na ile pana, ndugu wa yetu, tuone tofauti. Ndoo ikajaa Mahmoud hajamaliza hata kukunja mikono ya shati. Akafunga ile ya matundu machache. Maji yakatoka membamba, kwa nguvu, yakipiga ndoo kama mtu anayemwaga changarawe.

"Hii hapa," alisema Mahmoud, macho yanang'aa. "Inabana, na nguvu inayo. Mimi natoka sokoni nanuka, nataka maji yanayosugua."

Mimi sikuwa naangalia. Nilikuwa nimefumba macho nasikiliza.

"Hiyo inapiga kelele," nikasema.

Msabaha akageuka. "Kelele? Dada yangu, nimeuza shawa mpaka nimeota mvi. Watu wananiuliza presha, wananiuliza kutu. Kelele sijaulizwa na mtu."

"Mimi nakuuliza."

Mahmoud akanitazama. Akaitazama ndoo. Akanitazama tena, na taratibu masikio yake yakaiva mekundu.

"Mke wangu ana usingizi mwepesi," akamwambia Msabaha.

"Lakini si ndiye atakayekuwa anaoga?"

"Msabaha, tuoneshe isiyo na kelele."

Ikafungwa ile ndogo yenye kitufe, isiyozidi ukubwa wa kikombe cha kahawa. Maji yakashuka laini, mengi kwa macho lakini machache kwa ndoo, kama mtu anayemimina mafuta polepole. Mahmoud aliinama akaweka kiganja chini yake. Ndoo ilichelewa kujaa mpaka Msabaha akaenda kumhudumia mteja wa misumari akarudi. Na muda wote ule haikusema kitu.

"Itanitoa shombo kweli?" aliuliza Mahmoud kwa mashaka.

"Utasimama chini yake zaidi."

"Nikisimama zaidi, si maji yatakuwa yale yale?"

"Ndiyo maana ina kitufe. Unajisugua maji yamefungwa." Nikamsogelea, nikashusha sauti. "Nami nitakusugua mgongo."

"Tunaichukua," Mahmoud akamwambia Msabaha, haraka sana.

Njiani alicheka peke yake, kisha akasimama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kuwa mama yako anatusikiliza?"

"Mama hasikilizi, Nadhira. Mama anasikia tu."

"Na supu?"

"Supu gani?"

Nikamkodolea macho. Wanaume! Mwezi baada ya mwezi alikuwa anakunywa supu ile na kuomba aongezwe, wala hajajiuliza mbona siku nyingine haipo. Nikamweleza. Akaduwaa pale kando ya barabara, bajaji zinampigia honi.

"Kwa hiyo zile supu zote..."

"Zote."

"Ewe Mola wangu." Akajifunika uso kwa mfuko wa shawa.

"Zungumza naye, Mahmoud. Kwa upole tu."

Tabasamu lake likafifia. "Yule ni mama yangu. Mambo kama haya nitayaanzia wapi? Tufunge shawa, yatakwisha yenyewe."

Ikafungwa jioni ile ile, na sakafuni nikatandika mkeka wa mpira, maji yakianguka yasiseme. Nakuambia, siku zilizofuata ndizo nilizojua kuwa nimeolewa. Nilimpata mume wangu, naye akanipata mimi. Tulioga alfajiri taratibu, tukiminya vicheko, na ukuta ukabaki ukuta. Tangi likakaa na maji. Bi Maulida akawatangazia majirani kuwa mwali wake ana akili ya kubana matumizi.

Kisha supu ikakoma kabisa. Sikujali, muhogo naupenda. Lakini baada ya supu, yakaja macho. Bi Maulida alianza kunitazama kwa huruma, halafu kwa mashaka, halafu akawa hanitazami.

"Mwanangu, unaumwa?" aliniuliza siku moja tunachambua mchele.

"Siumwi, Mama."

"Mwenzio amekuudhi?"

"Hapana, Mama."

"Haya."

Neno lenyewe dogo, lakini alilisema kama mtu anayefunga mlango kwa komeo. Siku ya pili akaenda kwa shekhe akarudi na chupa ya kombe, yale maji ya zafarani yaliyooshewa aya. Akasimama juu yetu mpaka tukanywa.

"Kombe la nini, Mama?" aliuliza Mahmoud.

"La heri."

Nilidhani anataka mjukuu. Mama mkwe gani hataki mjukuu? Nikanywa, nikasema amina. Kumbe mwenzangu alikuwa amenihukumu zamani, na mimi ndiye niliyemtengenezea ushahidi kwa mikono yangu.

Halafu akaja Sabiha. Huyu ni binti wa mdogo wake Bi Maulida, kutoka Kiwangwa. Alikuja na mananasi na begi la nguo, na begi ndilo lililonitisha. Sabiha hakuwa na kosa. Alikuwa mzuri, mpole, ananiita dada, anadeki kabla sijaamka. Ningepata la kumchukia ningepumua.

"Sabiha, mpelekee kaka yako chai," anaagiza Bi Maulida, na mimi nimesimama pale pale na birika mkononi.

Nyumba ikaniwia finyu. Jikoni yupo Sabiha, uani yupo Bi Maulida, barazani wapo majirani wanaonong'ona na kukatiza wakiniona. Pa kuvuta pumzi palibaki bafuni tu, chini ya yale maji yasiyosema.

"Mahmoud, mama yako anataka kukuoza," nilimwambia.

"Usiwaze hivyo. Sabiha ni ndugu yangu."

"Ndugu anayeoleka. Zungumza naye."

"Nitazungumza."

Hakuzungumza. Alikuwa mtu wa kubeba barafu mgongoni bila kulalamika, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa chuoni aliyesahau sura ya Kurani. Nikaanza kumkasirikia, na hasira juu ya mtu unayempenda inachosha kuliko kazi yoyote.

Alasiri moja, mlango ukabishwa. Nikafungua, nikamkuta Bi Mize, somo yangu, aliyenifunda kabla ya arusi. Amesafiri kutoka Pangani, mtandio umejaa vumbi.

"Shikamoo, somo!"

"Marahaba, mwali wangu." Hakunikumbatia. "Nimeitwa."

Somo haitwi kuja kunywa chai. Somo huitwa pale ambapo ya chumbani yamevuka kizingiti.

Sebuleni alishaketi Mjomba Masoud, kaka yake Bi Maulida, tasbihi mkononi na simu juu ya paja. Mahmoud aliitwa kutoka sokoni, akaja na shati lake la kazi, hajui analoitiwa. Sabiha alitumwa kwa jirani. Mimi nikaambiwa nikae nyuma ya pazia la ukumbini, nisikie bila kuonekana. Basi nikakaa chini sakafuni, magoti kifuani, nikiwatazama kwa upenyo wa pazia.

"Mahmoud," alianza Mjomba Masoud, "jambo hili mwanamume nisingeliingia. Lakini baba yako hayupo."

"Jambo gani, Mjomba?"

Bi Maulida akarekebisha kanga yake. "Mimi sina ugomvi na binti wa watu. Anapika, ana heshima, anasali. Lakini mwanangu anaishi kama hana mke."

"Nani kasema?" aliuliza Bi Mize, kwa sauti kavu.

"Ninayelala karibu nao ndiye ninayesema. Tangu maulidi mpaka leo, alfajiri hata moja sijasikia maji."

Ndipo nilipofahamu. Supu, kombe, Sabiha, vyote vikajipanga mbele yangu. Shawa! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na pale nilipokaa vyote viwili havikuruhusiwa.

"Mwali wangu sikumfunda kumnyima mume," alisema Bi Mize.

"Basi labda moyo wake haupo hapa, na moyo haulazimishwi," alisema Mjomba Masoud. "Nitampigia Mzee Abdillah huko Pangani sasa hivi. Aje amchukue binti yake akapumzike. Na sisi hapa tunaye Sabiha, damu yetu."

Kupumzika. Wote tunajua mapumziko hayo. Mwanamke huenda kupumzika kwao na sanduku moja, na mengine yote hufuata baadaye pamoja na talaka. Baba yangu angeingia katika nyumba ile kichwa chini, na asingeniuliza hata swali, maana baba haulizi mambo hayo.

"Mjomba, mimi sina malalamiko," alisema Mahmoud.

"Mama yako anajua ulivyo. Hutasema."

"Nadhira ni mke mwema."

"Wema una mengi. Sisi tunauliza lile moja."

Mahmoud akainamisha kichwa. Nikamwona mikono yake, ile mikono mikubwa, inafumba na kufumbua. Sema, nikamwambia kwa moyo wangu wote. Sema, mume wangu, neno moja tu. Hakusema. Nami ningesema nini? Nikisema kweli, ni mwanamke asiye na haya. Nikinyamaza, ni mwanamke asiye na mume.

Bi Mize akanyanyuka akaja nyuma ya pazia, akachutama mbele yangu.

"Mwali, niambie mimi, ndiyo kazi yangu. Kweli au uongo?"

"Uongo, somo. Ni shawa."

"Shawa?"

"Tulibadilisha shawa. Mpya haisikiki."

Midomo yake ikatetemeka, sikujua kwa kicheko au kwa hasira. Kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nikitoka nikiwaambia hivyo watasema nakusitiri. Somo daima humsitiri mwali wake. Aliyekuwapo ni mumeo, na yeye ndiye wa kusema."

Ndivyo nilivyofungwa. Kila mlango nilioushika ulikuwa na kufuli lile lile, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyeshindwa kuinua uso.

Mahmoud akasimama. Nikashika pazia. Sasa atasema, nikajiambia. Hakumtazama mama yake wala mjomba wake. Akageuka, akapita mbele ya pazia langu bila kusimama, akavuka ua. Nikasikia mlango unafungwa.

"Mnaona?" alisema Mjomba Masoud. "Amekimbia. Maskini, aibu imemshinda." Akachukua simu, akavaa miwani, akaanza kutafuta namba ya baba yangu.

Pale ndipo nilipokata tamaa. Sikulilia Sabiha, sikulilia Pangani. Nililia kwa kuwa yule niliyekuwa naye chini ya maji yale, akicheka na kuniziba mdomo ili tusisikike, ameniacha nijibu peke yangu. Bi Mize alinishika kichwa akakilaza begani kwake, wala hakuniambia ninyamaze.

"Abdillah haipokei," Mjomba akanung'unika. "Nijaribu tena."

"Jaribu," alisema Bi Maulida. Sauti yake haikuwa na furaha, hilo nakiri.

"Mjomba, weka simu chini."

Nikainua kichwa. Mahmoud alikuwa amesimama mlangoni. Amelowa chapa chapa, shati limemganda mwilini, maji yanamchuruzika kutoka nyweleni mpaka kwenye zulia la mama yake.

"We Mahmoud!" alimaka Bi Maulida. "Umetumbukia wapi?"

"Nimetoka kuoga."

"Kuoga na nguo? Katikati ya kikao?" Mjomba Masoud akavua miwani. "Huyu kombe limemzidi."

"Mama," alisema Mahmoud. "Nimesimama bafuni muda wote huu, maji yamefunguliwa mpaka mwisho. Ile shawa ya zamani ulikuwa ukiisikia mpaka barazani. Leo umesikia nini?"

Bi Maulida akautazama mlango wa uani. "Sikusikia kitu."

"Hiyo ndiyo shawa tuliyoifunga kabla ya maulidi. Haina sauti. Tuliichagua iwe hivyo, mimi na mke wangu." Masikio yalikuwa yamemwiva, lakini uso wake hakuuinamisha. "Kwamba hukuyasikia maji, Mama, si kwamba hayakuwapo."

Mjomba Masoud akaishusha simu taratibu, akaanza kutafuta makubazi yake kwa ncha ya mguu.

"Nadhani adhana imekaribia," alisema. Adhana ilikuwa bado kabisa, lakini hakuna aliyembishia. Alitoka mbio mbio, tasbihi akaisahau kitini. Bi Mize alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yanaruka.

Bi Maulida alibaki ameketi. Uso wake nilidhani ungewaka, badala yake ukasinyaa.

"Kwa hiyo mlijificha," alisema.

"Mama, tulikuwa tunasikilizwa."

Mahmoud akaendelea, sasa kama maji yaliyopata njia. "Nitamhamisha mke wangu. Hapa hapa mjini, kule Magomeni, vyumba vipo. Kesho naanza kutafuta."

Nilikuwa nimeiomba sentensi ile kila baada ya sala. Nyumba yetu, ufunguo wetu, jiko langu. Imesemwa mbele za watu, haiwezi kurudishwa. Nikangoja furaha inijie.

Bi Maulida hakumtazama mwanawe. Alilitazama pazia.

"Baba yake alipofariki," alisema polepole, "nyumba hii ilikuwa kimya mpaka nasikia panya wakipita darini. Silali. Nakaa macho mpaka alfajiri. Mlipooana, nikisikia yale maji najua nyumba ina watu, na watu wenyewe wanapendana. Napata usingizi kidogo. Yalipokoma niliogopa, Nadhira. Nilidhani mapenzi yamewafia humu humu ndani, na mimi nasikia tu."

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Siku zote nilikuwa mwali, au mwanangu, lile la kunituma kazi. Nikanyanyuka. Nikajitanda vizuri, nikalisogeza pazia, nikatoka.

"Mama, mimi sihami."

"Nadhira!" Mahmoud alishtuka.

"Sihami. Lakini wewe, Mama, utahama."

Akanikodolea macho. "Mimi? Katika nyumba yangu?"

"Chumba tu. Utahamia kile cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Usiku watu hupita, hutasikia panya. Na Sabiha kesho arudi kwao, tumfungashie zawadi, maana yeye hakukosa. Na siku nyingine ukitaka kujua kama tunapendana, niulize mimi. Usiuulize ukuta."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Bi Mize aliacha kucheka. Mahmoud alisimama na maji yake, hathubutu hata kujifuta. Nami nilijua kuwa mwanamke anayezungumza hivi na mama mkwe wake huenda akalala Pangani usiku huo huo.

"Nikuulize," alisema Bi Maulida.

"Niulize."

"Unampenda mwanangu?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Waliokuja kunichumbia hawakuniuliza, baba hakuniuliza, Mahmoud mwenyewe hakuniuliza kwa maneno. Haya ilinijia kama siku zote. Nikamtazama mume wangu, amelowa, amejivunjia heshima mbele ya mjomba wake kwa ajili yangu, na haya yangu ikaona haya yenyewe.

"Nampenda, Mama. Nampenda sana. Hata leo aliponiacha nyuma ya pazia nilikuwa nampenda, ndiyo maana niliumia."

Mahmoud alifumba macho. Bi Maulida alikaa, akapangusa pua kwa pembe ya kanga, akanyanyuka bila kusema, akaelekea chumbani kwake. Tukatazamana. Nikadhani amekwenda kulia. Kisha tukasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni, na sauti yake ikaita kutoka ndani:

"Mahmoud! Njoo ushike huku. Na wewe Nadhira, usisimame tu, shika kule."

Kilikuwa kitanda cha mninga, cha arusi yake mwenyewe, kizito kama dhambi. Yeye alishika mto wake na msala wa kusalia, akatutangulia ukumbini akituelekeza. Mimi na Mahmoud tulikibeba kwa mwisho mmoja, bega kwa bega, Bi Mize mwisho wa pili akihema na kulaumu. Chini ya ubao, mkono wa Mahmoud ukautafuta wangu ukaukuta, umelowa na una baridi. Niliushika.

"Nisamehe," alinong'ona.

"Beba kitanda," nikamwambia, na kicheko kikanitoka mpaka kitanda kikayumba.

"Msichekeane," alisema Bi Maulida bila kugeuka. "Mtaniangushia kitanda."